Nanotyubu za kwenye kichupa: nyota 2, na nimekuwa mpole

Wadau, hii chupa ya nanotyubu za kaboni za ukuta mmoja (vijibomba vyembamba mno, ukuta wake unene wa atomi moja tu) nimehangaika nayo miezi miwili hapa maabara Uingereza, someni kabla hamjamwomba profesa wenu hela. Jina la duka naliacha, sitaki kesi.

Lebo inasema upana ni nanomita 1.4 (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni). Kwa kazi yangu hiyo namba ndo kila kitu, maana mi sina shida na tyubu yenyewe, shida yangu ni kitu cha kuweka ndani, kikishaingia kinakosa pa kujitanulia kinapanga foleni tu, unapata waya mwembamba kiasi kwamba nje ya tyubu usingekaa. Si mambo mapya, 1998 watu walishaona mipira ya C60 (molekuli za atomi 60 za kaboni) imejipanga humo kama njegere kwenye ganda, na 2000 Oxford wakapiga picha iodaidi ya potasiamu, chumvi hiyo, ikiwa ndani ya tyubu, yenye unene wa safu 2 tu za atomi!

Sasa mpira wa C60 ni kama nanomita 0.7, weka nafasi ya 0.3 kila upande, tyubu chini ya 1.3 hapo hakuna kitu. Tukachoma hewani kufungua ncha, tukatia na C60 kwenye kichupa cha kwatzi, tukavuta hewa tukaziba, tanuri nyuzi 500 siku mbili nzima, kutoa... patupu. Kupima kwa Raman (unazimulika leza, mwanga unaorudi unakuambia upana wake), nyingi zao zinacheza kwenye 1.0. Umeagiza kiatu namba 9 umeletewa 6. Na chuma cha kichocheo, kile cha kuzioteshea, kimebaki kibao humo, utaosha na asidi mpaka uchoke.

Nikawaandikia, eti 1.4 ni "wastani". Haya.

Nyota ya pili ni ya kuzilaza. Njia ya Rice University ya 2016, unazitawanya kwenye maji na dawa ya jamii ya sabuni, unazichuja polepole mno, polepole kweli, zinalala zenyewe upande mmoja kama magogo mtoni. Hapo hazikunisumbua, filamu ukiizungusha mbele ya polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) unaona kabisa inameza mwanga upande mmoja zaidi. Ila ukitaka transista, yaani swichi ya umeme, jua hazijachambuliwa, kama theluthi ni za kimetali, zinapitisha umeme muda wote, swichi haizimiki.

Nimeshaagiza kwingine, zile zinazotengenezwa kwa tao la umeme. Zikifika zinaanzia kwenye Raman, tanuri baadaye.