Mbuzi tamu, lakini weita wa hapa wanasikia kelele tu

Nyota tatu, na mbili ni za mbuzi. Hoteli iko kando ya Ngong Road, jina nimelimeza. Nilipeleka wageni wawili wa kazi, mmoja Mwingereza wa Leeds na mwingine Muuzbeki wa Samarkand, tukaagiza mbuzi kilo mbili na ugali, tukangoja karibu masaa mawili na bado ubavu mmoja ukaja mbichi, damu inaonekana kwa mfupa.

Mwingereza akaita weita, akaanza eti samahani sana kukusumbua, nyama ni tamu kweli, ila sijui kama hiki kipande kinaweza kurudi kwa moto kidogo tu. Weita akaskia tamu, akasema karibu sana, akaenda zake! Jameni, Mwingereza akianza kuomba msamaha hivyo jua amekasirika.

Muuzbeki naye hakusema kitu. Mimi ndio nalipa, na kwao mgeni kukosoa chakula mbele ya mwenyeji ni kumwaibisha, so akala zile zimeiva akasifu kachumbari, anasema wako na yao inaitwa achichuk, nyanya na vitunguu, wanakula na pilau. Kwa gari ndio nikamchokoza akatoa lake: chai ilijazwa mpaka juu. Kwao mgeni anamiminiwa kidogo kidogo kwa kibakuli, ukijaziwa ni kama umeambiwa kunywa uende. Na hapa Nairobi jaribu kuletea mtu kikombe nusu uone!

Lakini msidhani Wauzbeki hawalalamiki. Enzi wakiwa chini ya Soviet maduka na mahoteli yalikuwa na kitabu cha malalamiko, na 2016 Mirziyoyev, aliyekuja kuwa rais wao, akiwa bado waziri mkuu alifungua ofisi ya mtandaoni ya kupokea shida za wananchi, barua zikamiminika. Serikali wanaiandikia bila kuficha, mezani kwa mtu ndio wananyamaza.

Mwishowe nilienda kwa jiko mwenyewe, nikamwambia mchomaji bosi hii bado, akaangalia akacheka, dakika chache ikarudi safi kabisa. Meneja tulimwona wakati wa bili, tabasamu kubwa, hakutoa hata shilingi.

Mkienda pigeni simu mapema waanze kuchoma, na mkae meza za nyuma karibu na jiko. Mutura pia wako nayo, hiyo sina neno. Jumapili usiende na gari, hakuna pa kuegesha.