Mbwa wangu kalipishwa kama mtu mzima, halafu kafukuzwa

Naanza na sifa, maana hasira zikipanda nitazisahau. Ile bustani ni nzuri. Kwa jua la Moshi yetu hii, kupata miti mikubwa na nyasi zilizofyekwa si jambo dogo. Jumapili ile, siku si nyingi zilizopita, mlima ulikuwa umejifunua wote, Kibo na Mawenzi, mawingu bado. Ningerudi nyumbani muda huo ningetoa nyota nne.

Sasa lango. Nilikwenda na mwanangu wa darasa la tatu na Tomi, mbwa wetu, koko halisi wa Kiborloni. Mlinzi akatuhesabu kwa kidole, akachana tiketi: wakubwa wawili, mtoto mmoja. Nikamuuliza mkubwa wa pili nani. "Si huyo hapo." Elfu mbili ya mbwa! Nikamwambia kaka, huyu ana miaka miwili tu, basi mkatie ya mtoto. Akasema mbwa wa miaka miwili keshakuwa na wajukuu. Hapo alinishinda. Nikacheka, nikalipa. Ila hakuuliza chanjo, na kadi ilikuwa mkobani, ya mwaka huu. Mahali wanapocheza watoto ungeanza na swali gani jingine? Kichaa cha mbwa, dalili zikishatokea, ni kifo. Yeye aliuliza kama nina chenji.

Tulikaa raha mustarehe kama nusu saa. Halafu tumbili akashuka mtini, akanyakua andazi mkononi mwa mwanangu. Tomi hana ugomvi na mtu, lakini tumbili kwake ni adui wa ukoo. Akaruka, mkanda ukamchomoka shingoni (uzembe wangu, nakubali), akapita katikati ya watu waliotandika khanga zao. Watoto wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mmoja akajikwaa kwenye mzizi, akachubuka goti, na kabla hajalia mwenyewe mtu akapiga ukelele: kang'atwa!

Sikubishana. Goti lilikuwa na mchanga, alama ya jino hakuna, lakini nilimwambia mama yake tulioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, hata kwa shaka tu. Ndivyo alivyonifundisha daktari wa mifugo aliyemchanja Tomi. Tukaenda bombani. Kavu. La chooni, koki yenyewe imeng'olewa. Tulimwosha mtoto wa watu kwa maji ya chupa, chupa nne, nilizonunua humo humo kwa bei ya humo humo. Sabuni alitoa dada wa mishikaki, kile kipande chake cha kuoshea sufuria. Mungu ambariki.

Ndipo mlinzi akafika, na rungu. Mtoto hakumtazama. "Mbwa haruhusiwi humu." Nikampa tiketi. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

"Hii ni ya kuingia. Siyo ya kukaa."

Sentensi hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo, nimepanda nayo daladala. Ya kuingia, siyo ya kukaa. Kwani yangu mimi ilikuwa ya nini? Zote tatu zimetoka kitabu kimoja, namba zinafuatana! Kama mbwa hatakiwi, andikeni getini, nitamwacha nyumbani bila kinyongo. Wapo wanaoogopa mbwa, wapo ambao mate yake kwao ni najisi, hao nawaheshimu. Lakini ule hela yake kwanza, halafu ndiyo ukumbuke kwamba ni mbwa?

Nikadai elfu mbili yangu. "Si keshaingia, dada."

Nilisema nyota nne? Tatu, kwa ajili ya mlima. Lakini mlima si wao. Basi mbili, moja ya miti, moja ya dada wa mishikaki, ingawa naye kapanga tu pale. Aa, moja. Na hiyo moja msinishukuru.

Tulitoka pamoja na yule mama, goti la mwanawe limefungwa leso yangu, Tomi kimya kana kwamba anajua. Getini mama akasimama, akamuuliza mlinzi kwa upole kabisa kama tiketi ya mtoto nayo ni ya kuingia tu. Mlinzi akageuka, akajifanya anatazama mlima. Ulikuwa umeshafunikwa zamani.