Gereji ya Kizota iliyoiponya Allion yangu iliyogoma kuchanganya

Hii nawaandikia wenye gari za mfumo (zinazoongozwa na kompyuta) hapa Dodoma, hasa kama gari yako haichanganyi, yaani haishiki kasi, na kila fundi anakuambia lake. Gereji ipo Kizota, kwa nje utaona magari ya bodi na rangi tu, ila ndani kuna kijana ana mashine ya kupimia na anajua kuitumia, huyo ndo nataka kumuongelea.

Yangu ni Toyota Allion ya 2008, injini 2ZR ya 1800, gia boksi CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Kuanzia mwezi wa nane ikawa nzito, unakanyaga mafuta inavuma tu, inasita kama sekunde mbili ndo inaondoka. Mjini nikawa navumilia. Siku tunaenda msibani Manyoni, pale mlima wa Saranda ukishapita Kintinku, nipo nyuma ya semi, nikatoka kuovateki, nimekanyaga mpaka chini resi inapanda gari haiendi na mbele naona fuso linashuka, nikarudi nyuma ya semi mikono inatetemeka, mama watoto hakusema neno mpaka tunafika. Siku ile niliogopa kweli.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote na koili moja, akasafisha na throto, hakuna kitu. Wa pili aliendesha mita mia mbili akaniambia CVT imekufa, tafuta ya mtumba, milioni moja na laki mbili hujaweka hela ya ufundi. Nilishaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba. Na muda wote huo taa ya cheki injini haijawahi kuwaka. Mwenzangu mmoja tunayefanya naye kazi kule Mtumba, mji wa Serikali, ndo akanielekeza Kizota.

Kilichonipa imani kwanza ni maswali. Ilianza lini, inakuwa nzito ikiwa ya baridi au ikishapata moto, ea klina umeweka lini, unaweka mafuta wapi. Halafu akachomeka mashine, kodi (namba za hitilafu) hakuna hata moja, nikajua ndo yaleyale. Akasema "bosi tusibadilishe kitu kwanza, tutoke nayo." Tukapanda barabara ya Singida mashine ikiwa mapajani kwake, ananionyesha namba zinavyotembea. Kuna namba inaitwa fyuweli trimu, inaonyesha kompyuta ya gari inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi kutoka kwenye hesabu zake, inatakiwa icheze karibu na sifuri. Yangu gari ikiwa imesimama inaunguruma ilikuwa 9, tukikanyaga kwenye mwinuko inafika 19. Yaani kompyuta inahangaika kuongeza mafuta kila saa, ila haijafika kile kiwango cha kuwasha taa, ndo maana wenzake hawakuona kitu.

Akasema hapo ni ama mafuta hayafiki ya kutosha ama sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, inadanganya. Tukarudi, akafunga geji ya presha kwenye bomba la mafuta, ikasoma PSI 47, kwa injini ile inatakiwa 44 mpaka 50, kwa hiyo pampu nzima. Ndo akafungua sensa ya hewa akaniita na tochi. Jamani. Ndani kuna kiwaya chembamba kama unywele, chote kimevaa vumbi jekundu, limegandamana kama koti. Hicho kiwaya kinapashwa moto na hewa inayopita inakipoza, kompyuta inapigia hesabu hapo, sasa kikivaa vumbi kinaona hewa ni kidogo kuliko inayoingia na mafuta yanapigwa kidogo. Akanionyesha na vumbi limepitia wapi: ea klina niliyouziwa ilikuwa fupi kidogo, mpira wake umejikunja pembeni, na upande ule unaotakiwa uwe msafi kuna mstari wa vumbi umejichora kabisa. Nilikuwa naipuliza kwa kompresa kila mwezi nikijua naitunza, kumbe upepo wa kompresa nao unatoboa karatasi. Na vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Alisafisha kwa spirei ya sensa yenyewe, anapuliza bila kugusa, akaacha ikauke, akanikataza kabu klina (ile spirei ya kusafishia kabureta) na pamba kabisa maana kile kiwaya kinakatika. Tukatoka tena, trimu ikawa 2 na kwenye mwinuko 4. Mguu ulisikia kabla sijaangalia namba.

Nikamwambia basi nitolee na masega, yale ya kuchuja moshi kwenye ekzosi, maana huku mjini kila mtu anakwambia toa masega gari iwe nyepesi. Akakataa. Akafungua sensa ya oksijeni ya mbele akafunga geji kwenye tundu lake kupima presha ya moshi, resi 2500, mshale ukakaa kwenye PSI 1, akasema ingezidi 3 hapo tungesema imeziba. Angeweza kula hela yangu pale na nisingejua. Na alivyopitisha mkono kwenye rimu, ya mbele kulia ikawa ya moto kuliko zingine, breki ilikuwa inashika, pini zimekauka grisi, wakarekebisha. CVT haina shida, ibadilishwe oili tu, na iwe ya CVT, sio ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida.

Kingine alichonieleza, Dodoma tupo kama mita 1,100 juu ya bahari, injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu ukilinganisha na Dar, kwa hiyo aliyetoka kununua gari pwani asishtuke ikiwa nzito kidogo.

Malipo: kupima 40,000, sensa 20,000, ea klina orijino 35,000, breki 20,000, jumla laki moja na kumi na tano. Kilichonikera ni muda, niliambiwa nifike saa mbili nikaguswa saa tano, pa kukaa ni benchi moja juani, na risiti mpaka niidai. Nawapa nyota nne, wakiweka turubai tu pale nje, nyota ya tano naongeza siku hiyohiyo.

Jumapili nimepita tena Saranda tukiwa watu wanne na gunia la mahindi kwenye buti, imepanda bila kusita. Ukienda nenda saa moja asubuhi, ukifika muulizie yule wa mashine mwenyewe, wengine pale ni wa bodi watakupotezea muda.