Uzoefu wangu na riwaya ya Circe: nguruwe, mizizi na mwiba wa samaki taa

Nimemaliza kusoma Circe ya Madeline Miller kwa mara ya pili, safari hii nikiwa na Odisea, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, pembeni. (Nitafichua baadhi ya mambo, kwa hiyo kama hujaisoma, tahadhari.)

Kwa Homer, Circe ni kituo kimoja tu cha safari ya Odysseus, shujaa wa utenzi huo. Mabaharia wanafika kisiwani Aiaia, anawakaribisha, anawatilia dawa kwenye chakula, wanageuka nguruwe. Kwa nini? Hatuambiwi. Riwaya hii ya mwaka 2018 inajibu. Circe, binti wa Helios mungu wa jua, anasimulia kwa kinywa chake, na kabla ya nguruwe tunamwona nahodha aliyelishwa akashiba, akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Kusikia mwanamke anaishi peke yake, akamkaba koo asiweze kutamka neno la uchawi, akambaka. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nguruwe wa Homer siwezi tena kuwasoma kama kichekesho.

Nilichokipenda kuliko vyote ni ule uganga. Circe anachimba mizizi, anaosha, anatwanga, anachemsha, inaharibika, anamwaga, anaanza upya. Kila mmea una saa yake ya kuchumwa. Bibi yangu alikuwa mjuzi wa dawa, na kurasa zile zilinirudishia harufu ya mikono yake.

Halafu kuna Telegonus, mwana ambaye Circe alimzaa na Odysseus. Mungu wa kike Athena anataka kumuua mtoto huyo, basi mama anashuka baharini kuomba mkia wa Trygon, samaki taa wa kale mwenye sumu isiyo na tiba, akautia kwenye mkuki wa mwanawe uwe kinga. Kijana anakwenda Ithaca, kisiwa cha Odysseus, kumwona baba. Odysseus anadhani ni haramia, anaunyakua mkuki, mwiba unamgusa, anakufa. Hapo nilimkumbuka Fumo Liyongo na sindano ya shaba kitovuni. Mwana wa Liyongo alijua alitendalo. Huyu alikuja kutafuta baba tu, na silaha aliitengeneza mama kwa mapenzi. Kwangu hili lina uchungu zaidi.

Kasoro ipo. Katikati wageni ni wengi mno: Medea, mchawi mpwa wa Circe, anapita kama upepo, nami nilitamani akae. Daedalus, fundi stadi, ndiye pekee aliyeniridhisha kati yao, hasa kile kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia nguo) anachomwachia Circe.

Huna haja ya kumjua Homer kwanza. Kiingereza cha Miller hakina makuu, ila kitabu kisome polepole.

Nakala yangu sasa iko kwa mdogo wangu. Jana usiku alifika pale Circe, kwa wivu, anapomgeuza nimfu Scylla kuwa dubwana, akaniandikia kwa hasira kwamba amemchukia na hataki kuendelea. Nimemsihi asikiache.