Uzoefu wangu na karakana iliyozinyamazisha breki zangu

Nimeahirisha kuandika haya kwa majuma kadhaa nikitaka hasira ipoe kwanza, lakini kila nikiiona baiskeli barazani inarudi ileile, kwa hiyo nimeona niandike nayo hivyohivyo.

Ninaishi Tanga mjini, na yeyote mwenye kitu cha chuma hapa anajua hewa ya bahari inavyokitenda: mnyororo ukiachwa juma moja bila kufutwa huota kutu ya rangi ya mdalasini. Baiskeli yangu ni ya milimani, yenye breki za diski zinazofanya kazi kwa mafuta, na mara chache kwa mwaka huipakia kwenye basi nikaenda Lushoto, nikazunguka njia za msitu wa Magamba na kuteremka kwa barabara ya Soni. Kabla ya safari ya mwisho breki zilikuwa zinalia. Haukuwa mlio wa kutisha, bali ule wa kukera ambao watoto wa mtaani huuiga mtu anapopita. Nikaipeleka kwenye karakana ambayo wenzangu walikuwa wakiisifu, nikaomba mambo matatu: isafishwe, gia zirekebishwe, na breki ziache kulia.

Niliichukua jioni, giza likiingia. Ilikuwa inang'aa. Nikaizungusha uani mara mbili polepole, nikabana breki, na kweli hazikutoa hata mnong'ono. Nilifurahi kiasi cha kumwachia kijana aliyenikabidhi chenji yote iliyobaki, jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko goti.

Lushoto siku ya kwanza mvua ilinifungia ndani. Asubuhi iliyofuata nikaanza kuteremka kuelekea Soni. Waijuao barabara ile wanajua kwamba ni lami iliyojikunjakunja ubavuni mwa mlima, na kwamba malori ya kabichi hayana muda wa kumsubiri mtu. Kwenye kona ya tatu au ya nne nilibana breki ya nyuma. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama kawaida, haukuzama wala kulegea, ndiyo maana sikushuku kwamba kuna hewa kwenye bomba la mafuta. Nilibana, ukaitika, na baiskeli ikaendelea na safari yake kana kwamba sikufanya lolote. Nikabana zote mbili kwa vidole vyote. Ikapunguza mwendo kidogo tu, tena kwa hiari yake. Lori lilikuwa linapanda mbele yangu, nikauchagua mtaro wa upande wa mlima. Goti lilichubuka, usukani ukaenda upande, nami nikakaa majanini nikimsikiliza dereva akiniuliza kama nimelewa.

Niliikokota hadi Soni, ambako nilimkuta fundi mmoja mtu mzima, afanyaye kazi kwenye kibaraza cha duka akiwa na karai la maji na spana zisizozidi kumi. Alipitisha kidole kwenye diski, akakinusa, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa pamepakwa oili." (Sikuwa nimemwambia kwamba ninafundisha, nadhani ni miwani.) Na alisema kweli, pamepakwa. Lisingeweza kuwa tone lililoruka kwa bahati mbaya kutoka kwenye mnyororo, kwani mnyororo uko upande wa kulia na diski ziko kushoto, na ile ya mbele iko mbali nao kabisa. Alizitoa pedi, vile vipande vinavyoibana diski, akamtuma mtoto duka la dawa kununua spiriti, akazifuta diski mara tatu kwa kitambaa safi, akazisugua pedi kwa msasa mpaka mng'ao ukatoka. Hata hivyo akanionya nisiziamini, kwa sababu pedi hunywa oili kama andazi linavyokunywa mafuta, na ikishaingia ndani dawa yake ni kuzibadilisha. Alidai shilingi elfu tatu. Nilimpa noti ya elfu tano, akanirudishia mbili na kunisimamishia gari la kwenda Mombo.

Niliporudi karakanani, yule kijana hakuniamkia wala hakuinuka kwenye kiti. Nilieleza yote, lori na mtaro na goti, naye akanisikiliza huku akitazama simu, kisha akasema: "Sasa mzee, si ulitaka zinyamaze? Si zimenyamaza?"

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko inavyostahili. Kwake, chuma kinacholia hutiwa oili, basi. Bawaba ya mlango, sawa. Lakini breki imeundwa ili isuguane, haina kazi nyingine duniani, na oili imeundwa ili kuondoa msuguano! Breki inayolia kwa uchafu au kwa pedi zilizoota mng'ao hutibiwa kama alivyofanya mzee wa Soni, kisha pedi huzoezwa: unakwenda kwa kasi ya wastani, unabana mpaka karibu usimame bila kulifunga gurudumu, unaachia, unarudia mara ishirini hivi.

Nilikuwa nimeazimia kuishia hapo na kuwaambia msikanyage pale. Tatizo ni gia. Tangu niinunue baiskeli hii gia hazijawahi kuingia laini namna ile, hata nikipanda mlima. Isitoshe, waliiosha kwa ndoo na brashi, si kwa mashine ya presha ambayo husukuma maji ndani ya beringi na kuitoa grisi. Fundi mkubwa wa pale, ambaye hukaa nyuma na haongei sana, aliupima mnyororo mbele yangu, kwani hurefuka unavyochakaa: pingili 24 za mnyororo mpya hutoa milimita 304.8, wangu ulikuwa umezidi kwa pungufu ya milimita moja, naye akasema nisiubadilishe mpaka ifike moja na nusu. Mwingine angeniuzia mpya palepale.

Ni yeye aliyetoka nyuma aliposikia sauti yangu imepanda. Aliigusa diski, akamtazama kijana kwa muda mrefu, akasema, "Samahani sana, mzee wangu," akafunga pedi mpya bila malipo na kumfanya kijana azifute diski mwenyewe huku nikimtazama. Halafu akanipa kichupa cha mafuta ya mnyororo. Nilitaka kukikataa. Mafuta yenyewe, kwa bahati mbaya, ni mazuri: unatia tone moja kila pingili, unasubiri kidogo, unafuta yote yaliyobaki nje, na majuma mawili ya upepo wa bahari hayajaleta kutu.

Kwa hiyo sijui niwape alama ngapi. Nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa sifuri, na nikilikumbuka lile lori naona bado ni nyingi. Lakini gurudumu la nyuma limeanza kuyumba na spoki zake zinahitaji mkono unaojua, na nimeshauliza ni siku gani yule kijana huwa hayupo. Ni Jumatano.