Feri ya Likoni kwa miguu: nyota nne, zote za abiria

Mimi ni mtu wa Likoni, kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hivyo feri hii naijua asubuhi na jioni. Mwenda kwa miguu halipi kitu, wanaolipia ni wenye magari. Inavuka usiku na mchana, na maji yenyewe ni kama nusu kilomita tu. Ukipanda MV Kwale au MV Jambo, kwangu ni mamoja. Ninaowasifu hapa ni watu.

Maji yakikupwa, feri hukaa chini, ule mteremko ukawa mrefu na pale palipolowa panateleza. Hapo ndipo wenye mikokoteni wanapotaabika. Juzi hamali mmoja alikuwa anapanda na mitungi ya maji, safu mbili, kufika katikati mkokoteni ukagoma. Kichwa kiko chini, mishipa ya shingo imemtoka, ndara ya mguu mmoja imeshabaki nyuma. Hakuita mtu. Kijana aliyekuwa mbele yangu, shati jeupe limepigwa pasi, alitia simu mfukoni akabandika mikono kwenye mitungi. Mama mwenye buibui akampa bintiye mkoba, naye akasukuma. "Haya ami, twende!" Tukawa wanne, watano, mkokoteni ukapanda. Hamali aliinua mkono bila kugeuka, maana angelegeza kidogo tu ungemrudia. Mtoto wa shule akamkimbizia ndara yake, kisha kila mtu akashika njia yake kwenye matatu.

Mambo haya huyaoni kwenye picha za watalii. Bibi mwenye kikapu hafiki mbali kabla hajaambiwa, "Lete nikubebee, mamangu." Mgeni akiuliza gari la Ukunda, hupelekwa mpaka mlangoni.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya saa moja asubuhi. Wakati huo sote tunakimbilia kazini na watu hao hao wema hukanyagana, wazee wakabaki nyuma kabisa. Hilo linaniuma, na dawa yake tunayo sisi wenyewe abiria: kumpisha mzee hakumchelewishi mtu.

Wewe unayekwenda Diani, vuka baada ya saa tatu. Ukikuta mkokoteni umekwama, sukuma kwa nyuma, chini ya mzigo, usishike ubavuni kwani huyumba. Na usiachie mpaka magurudumu yafike kwenye tambarare.