Sindano Yenye Nundu: Nimeitumia Kufuma Sweta ya Misuko

Hamjambo watu wangu, karibuni tena hapa kwangu Nakuru. Leo naingia moja kwa moja, maana hiki kitu nimekaa nacho wiki sita na nimekuwa na hamu ya kuwaonyesha. Ngojeni kamera ishike... haya. Mnakaona? Kasindano kadogo, hakafikii hata urefu wa kidole changu cha kati, na hapa katikati kana nundu kama ya ng'ombe. Ni ka kushikilia vitanzi vichache kando unapofuma misuko, ile mistari ya vitanzi vilivyopishana kama nywele zilizosukwa. Video nzima ni ya hiyo nundu.

Rangi, pakiti ina ngapi, hayo mtayaona wenyewe dukani. La unene tu ndilo nitakalolitaja: isiwe nene kuliko sindano zako kubwa. Mwili wa sweta nafuma kwa milimita 4.5, na hii ni ya 4. Ikiwa nene inavipanua vitanzi, halafu pembeni mwa msuko kunabaki matundu.

Sasa tazameni mikono. Hapa nina vitanzi 6 vya pleni, yaani vya kawaida vya upande laini, na kila upande nimeweka 2 vya pali, yaani vinavyofumwa kinyume. Vile vya pali msiviache, ndivyo vinavyoufanya msuko usimame. Navihamisha vitatu vya kwanza kwenye hii ndogo. Sivifumi, navihamisha tu. Navisukuma mpaka vikae kwenye nundu, halafu naiachilia. Mnaona? Hakuna mkono unaoishika. Inaning'inia mbele ya sweta yenyewe. Naitikisa. Nageuza sweta juu chini, naitikisa tena. Havitoki! Jamani, havitoki. Sasa nafuma kitanzi cha nne, cha tano, cha sita. Narudi kwa vile vitatu, navisogeza kwenye ncha, nafuma kimoja... viwili... vitatu. Vuteni macho karibu: vitanzi vimepishana na msuko umelala kushoto. Nikitaka ulale kulia, hii ndogo naiweka nyuma ya sweta badala ya mbele. Kisha nafuma safu 7 za kawaida, na ya 8 napishanisha tena.

Narudia mara moja kwa wale wanaoanza, polepole, kwa sababu mwaka jana niliulizwa sana msuko unapishanishwaje, na sikujibu vizuri. Vitatu vinahama. Vinakaa kwenye nundu. Vitatu vinavyofuata vinafumwa kwanza. Vile vilivyosubiri vinafumwa mwisho. Mtu akiliweza hilo, amemaliza woga wa misuko.

Kwa nini naishangilia nundu hivi? Sweta ya kuvaa kila siku unaifuma katikati ya shughuli za kila siku. Mimi nafumia kwenye matatu nikitoka Lanet kuja mjini. Nafuma mtoto akiniita, nafuma sufuria ikiwa jikoni. Zamani nilikuwa na ile ya mbao iliyonyooka, nzuri sana mkononi, laini. Siku moja dereva akakanyaga breki, ikachomoka, ikaingia chini ya viti, na vitanzi vyangu vitatu vikafumuka safu nne kwenda chini. Kwa ule msuko, safu nne ni karibu jioni nzima ya kurekebisha. Niliumia. Kwa hii nimeshakatizwa mara ngapi sijui, naiacha hivyo hivyo inaning'inia, nikirudi navikuta vitanzi pale pale.

Kwenye pakiti kuna pia yenye umbo la ndoana, mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Hiyo siipendi. Ule mguu mfupi unakamata uzi. Wengine hawatumii sindano ndogo kabisa, wanavibana vitanzi kwa vidole. Ukiwa na sufu ya kondoo unaweza, sufu inashikana. Akriliki, ule uzi wa kiwandani, inateleza, msijaribu.

Bei. Pakiti ya sindano tatu nilinunua shilingi 250 karibu na Top Market. Duka lingine mtaa huo huo waliniambia 600 kwa pakiti ile ile, nikatoka. Na kama 250 hamna, wengi wetu tulijifunza kufuma shuleni kwa spoku za baiskeli tulizosugua kwenye saruji. Chukua kipande cha spoku, kikunje katikati kwa koleo, sugua ncha mpaka zisikwaruze uzi. Nimejaribu wiki hii. Inafanya kazi! Ni nyembamba, kwa hiyo nundu ikunjwe kwa kina zaidi. Kusema kweli, nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia mnunue tu, lakini baada ya kuishika hiyo spoku nasema jaribuni kwanza.

Kuhusu sweta yenyewe. Nilianza na uzi wa rangi ya damu ya mzee, nikafuma sentimita 20, msuko haukuonekana. Rangi nzito inaumeza. Nikafumua, nikachukua hii ya maziwa, na sasa hata kutoka mlangoni unauona. Halafu misuko inavuta nguo kwa ndani: vitanzi 24 vya pleni vilinipa sentimita 12, na vitanzi 24 vile vile vikiwa na misuko vikanipa 10 tu. Pimeni kipande cha msuko, msipime cha pleni, la sivyo sweta itawabana kifuani. Na uzi unakwenda mwingi, ongezeni.

Sweta za visiwa vya Aran, Ayalandi, zinajaa misuko mwili mzima, na upepo wa bahari ya kule unazihitaji. Hapa Nakuru asubuhi inauma na saa sita jua linachoma. Ndiyo maana nimeweka msuko mmoja mpana kifuani, miwili myembamba kando, na mikono ni pleni tupu. Unaivaa kazini, huivui.

Na tafadhali, akriliki isipigwe pasi. Ya kwanza niliipiga, misuko ikalala bapa, haikuinuka tena. Ianikeni imelazwa kwenye taulo.

Video za Ijumaa nimezihamishia Jumapili saa mbili usiku, umeme wa Ijumaa umenisumbua mno. Jumapili hii tunafanya shingo na mikono, na karatasi yangu ya hesabu za safu nitaiweka mbele ya kamera muinakili bure. Kama hujajiandikisha, jiandikishe.

Mvua hiyo imeanza kwenye mabati, sauti itapotea. Nimebakiza safu moja nipishanishe, bakini nami mpaka hapo. Pali mbili... vitatu vinahama... vimekaa. Nne, tano, sita.